Sintesaiza ya Kompyuta Inapokusumbua Wakati wa Kurekodi

Anayerekodi kinanda kwa kutumia sintesaiza iliyomo ndani ya kompyuta, yaani programu inayotengeneza sauti za ala, anapaswa kukumbuka kwanza kwamba kibodi aliyoiunganisha kwa waya wa USB haipeleki sauti. Kinachopita kwenye waya huo ni ujumbe wa MIDI, mfumo uliotangazwa mwaka 1983, nao hueleza tu kwamba noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, kisha kwamba imeachiwa. Sauti yenyewe huzaliwa ndani ya plagini, yaani ile sintesaiza inayofunguliwa ndani ya programu ya kurekodi. Kwa sababu hiyo hitilafu yoyote iko kabla ya plagini, ndani yake au baada yake, na ukishajua iko upande gani umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Hapa nitatumia programu ya kurekodi ya REAPER na sintesaiza ya Vital, ambayo ina toleo la bure; programu nyingine za kurekodi hutofautiana kwa majina ya vitufe, si kwa mantiki.

Ukibonyeza na kusikia kimya, usianze kubadilisha mipangilio ovyo. Fungua dirisha la Vital na utazame kinanda kilichochorwa chini yake: noti zikiwaka, ujumbe umefika, na tatizo liko mbele zaidi, yaani kwenye kiwango cha sauti cha traki (mstari wa programu unaobeba ala moja) au kwenye kifaa cha sauti kilichochaguliwa. Zisipowaka, bofya kinanda hicho kwa kipanya. Sauti ikitoka, plagini ni nzima na kosa liko nyuma yake: pengine kibodi haijaruhusiwa kwenye mipangilio ya vifaa vya MIDI, traki haijawashwa kitufe chekundu cha kurekodi, usikilizaji wa moja kwa moja umezimwa, au traki imewekwa isikilize maikrofoni badala ya MIDI. Kwenye Windows kagua pia kama kuna programu nyingine iliyoachwa wazi ikaishika kibodi hiyo, kwa kuwa baadhi ya madereva ya MIDI, yaani programu ndogo zinazounganisha kifaa na kompyuta, huruhusu programu moja tu kwa wakati mmoja.

Tatizo linalowavunja moyo wapigaji wengi ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti, yaani vipimo vyake vidogo vidogo, katika akiba ndogo iitwayo bafa kabla ya kuzipeleka kwenye spika, na ukubwa wa bafa hiyo ndio muda unaousubiri. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchukua takribani milisekunde 23, ya 512 huchukua 11.6, na ya 128 huchukua chini ya 3, mbali na nyongeza ndogo ya kifaa chenyewe. Sauti husafiri hewani karibu mita 3.4 kwa milisekunde 10, hivyo bafa ya 512 ni kama kukaa mita 4 kutoka kwenye spika yako, jambo ambalo mpigaji wa noti ndefu za sauti ya nyuzi kwenye kwaya huenda asilihisi, lakini anayepiga sebene au midundo ya haraka atalihisi mara moja. Ninapendekeza 128 wakati wa kurekodi na 1,024 wakati wa kuchanganya traki zilizokwisha kurekodiwa. Kwenye Windows, tumia dereva ya ASIO, aina ya dereva inayopunguza kuchelewa kwa sauti, iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako ya sauti, na kama huna kadi ya nje, dereva ya jumla iitwayo ASIO4ALL husaidia. Vipokea sauti vya Bluetooth uviweke kando kabisa, maana mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100 ambazo hakuna bafa itakayozirudisha.

Bafa ikiwa ndogo na bado sauti inachelewa, tazama traki kuu, ile ambayo sauti za traki zote hupitia. Baadhi ya plagini za kudhibiti kilele cha sauti huchungulia mbele kabla ya kutenda, na kuchungulia huko kunamaanisha kusubiri. Zizime hadi umalize kurekodi. Sauti ikianza kukwaruza badala ya kuchelewa, prosesa imelemewa: igandishe traki ambayo umekwisha kuirekodi ili iwe sauti ya kawaida, au upunguze idadi ya noti ambazo plagini inaruhusiwa kupiga kwa pamoja.

Noti ikisikika mara mbili, ama kibodi yako ina sauti zake za ndani ambazo hazijazimwa, ama traki mbili zimewashwa kurekodi kwa pamoja. Noti isiyokoma mara nyingi hutokana na pedali ya kudumisha noti. Kinanda changu cha kwanza kilinisumbua jioni nzima kwa kudumisha noti kila nilipoinua mguu, hadi nilipoelewa kwamba vinanda vingi husoma mwelekeo wa pedali vinapowashwa, nami nilikuwa nimeikanyaga wakati huo. Kizime, ondoa mguu, kisha ukiwashe tena. Ikiwa noti inakwama pale tu unaposikiliza ulichorekodi, fungua kihariri cha MIDI na utafute ujumbe namba 64, ambao ndio wa pedali: huenda ulikata kipande kabla ya ujumbe wa kuachia kurekodiwa.

Hitilafu ya mwisho huonekana kama ya kichawi, nayo ni sauti kuwa tofauti kidogo kila unapoicheza. Umerekodi MIDI, kwa hiyo kila mara plagini huitengeneza sauti upya, na katika Vital kila osileta, yaani sehemu inayozalisha wimbi la sauti, huanzia mahali pa kubahatisha kwenye wimbi lake hadi uteremshe kipimo hicho cha ubahatishaji kuwa sifuri. Mimi huteremsha kwa besi, kwa sababu mwanzo wa noti ya besi ukibadilikabadilika hugongana na ngoma, lakini kwa sauti pana za nyuma nauacha ulivyo, kwani ndio unaozipa uhai. Ukiipata sauti unayoipenda, ibadilishe iwe sauti kamili kwenye traki mpya, kisha traki ya MIDI uinyamazishe bila kuifuta, ili mwimbaji akiomba kushusha ufunguo kesho usilazimike kupiga upya.