Kilomita 5 za hisani Dodoma: namna ya kufika mwisho kwa mara ya kwanza

Wengi wanaoishia njiani huwa wamejimaliza kwenye kilomita ya kwanza, ila miguu huwaambia ikifika ya tatu. Muziki unapigwa, watoto wanachomoka kama mishale, nawe unawafuata. Simama nyuma ya kundi, na kilomita hiyo itumie dakika 8 hadi 9. Hata saa huhitaji: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza mwendo.

Jipe wiki 6 za mazoezi, siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Ya tatu iwe kukimbia 3 na kutembea 2, mara 5. Ya tano, kukimbia 8 na kutembea 2, mara 3. Ya pili na ya nne ni za kuvukia kidogo kidogo kwenda hatua inayofuata, usiziruke. Wiki ya mwisho fanya siku mbili nyepesi za dakika 20, kisha pumzika siku 2. Ugoko ukianza kuuma, rudi wiki moja nyuma. Mara nyingi umeongeza haraka, au lami ni nyingi mno. Njia za vumbi Dodoma hazikosekani, ila angalia mbigiri, hutoboa soli nyembamba.

Raba za mtumba zinatosha. Zikunje kwa nguvu kabla hujalipa: gundi iliyozeeka huachia, na sponji iliyokaa miaka humeguka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usizizindue siku ya mbio, wala fulana mpya. Ifue kwanza, na mahali panaposuguana paka mafuta ya mgando.

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Dar es Salaam juzi asishangae pumzi kuwa fupi kidogo. Kinachodanganya zaidi ni hewa kavu ya kiangazi. Jasho hukauka kabla hujaliona, fulana inabaki kavu, unadhani hujapoteza maji. Kunywa nusu lita saa 2 kabla ya kuanza, usingoje kiu. Chakula kiwe chai ya rangi na mkate, au ndizi mbivu mbili. Maharage na maziwa yaache hadi mchana. Ukiwa na pumu au presha, mwone daktari kabla hata ya wiki ya kwanza.

Namba chukua siku moja kabla ikiwezekana, uibane kifuani kwa pini nne. Ikiwa na kifaa cha kupimia muda, usiikunje. Kama umekusanya michango kwa majirani na wenzako kazini, andika jina na kiasi cha kila mmoja, na unapotuma kwa simu soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Risiti itunze, kuna atakayeiuliza.

Njiani kichomi kikikushika, tembea, bonyeza panapouma na utoe pumzi ndefu. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache. Kwenye meza ya maji sogea pembeni ndipo upunguze mwendo, maana wa nyuma yako hana breki. Kutembea kidogo si kushindwa. Kizunguzungu au maumivu ya kifua ni kusimama papo hapo na kuita watu wa huduma ya kwanza.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika 10, kunywa maji kidogo kidogo. Mapaja yatauma zaidi kesho yake na keshokutwa, na kutembea taratibu dakika 20 husaidia. Lakini maumivu ya sehemu moja, mguu mmoja, yanayokuamsha usiku, hayo si ya kuchua, ni ya hospitali.