Pima E85 kabla haijaingia tangini
Kama injini yako ya turbo (inayosukumiwa hewa ya ziada) imetuniwa, yaani imerekebishwa, kwa E85 (mchanganyiko wa ethanoli na petroli) na gari halina sensa ya ethanoli, usiamini kibandiko cha pampu: Marekani E85 inaruhusiwa kuwa na ethanoli asilimia 51 hadi 83, na majira ya baridi hushuka. Kwenye silinda ya kupimia ya mililita 100 weka maji 50, ongeza mafuta 50, ziba, tikisa, subiri mstari kati ya maji na petroli utulie. Ethanoli hukimbilia maji, petroli hubaki juu. Mstari ukisimama kwenye 90, yaani umepanda 40 kati ya mafuta 50, ethanoli ni asilimia 80 hivi. Kwenye 80, ni 60 tu: punguza busti (shinikizo la hewa ya turbo), la sivyo injini itagonga, yaani mafuta yatajiwakia yenyewe ndani ya silinda. Mafuta yaliyotiwa methanoli yatakudanganya, maana nayo huingia majini.