Kulala Pangani: mwongozo kwa anayeshuka kutoka Arusha au Moshi

Maji ya Pangani ni maji ya kwetu. Kikuletwa hushuka kutoka Meru, Ruvu huja kutoka upande wa Kilimanjaro, hukutana Nyumba ya Mungu, kisha mto mmoja hupita Korogwe na kumwagikia Bahari ya Hindi pale Pangani. Nyumba ndogo za wageni za mji ule na vijiji vyake si hoteli. Nyingi zina vyumba vitatu au vinne ndani ya uwanja wa familia, na bei hujumuisha chai ya asubuhi. Nyumba ya namna hii huendeshwa na mambo mawili: kujaa na kupwa kwa bahari, na maandalizi ya jioni iliyotangulia. Asiyeyajua hayo hukuta bahari imekimbia mbali siku aliyotaka kuogelea, na mezani mkate wa dukani na siagi.

Anza na mwezi

Sisi wa bara huchagua siku kwa wikiendi. Pwani, tazama mwezi kwanza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvu: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Siku za bamvu katika pwani yetu, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Ukitaka kwenda fungu la Maziwe, chagua bamvu. Zamani Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wakitaga humo. Sasa ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa, kwa hiyo boti hulenga maji yakipwa. Kama una watoto wanaotaka kuoga baharini asubuhi bila kutembea juu ya mwani na miamba, chagua maji mafu. Huwezi kuyapata yote mawili kwa siku mbili, kwa hiyo amua kabla ya kupiga simu.

Miezi nayo ina uzito wake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vumbi huwa tope na mto hushusha udongo wa milima yetu hadi bahari ya mbele ya mji inageuka rangi ya chai ya maziwa. Desemba hadi Februari kuna kaskazi na joto kali. Juni hadi Septemba kusi huvuma, usiku hupoa, lakini mawimbi huwa makubwa na baadhi ya siku boti haziendi Maziwe. Nahodha akisema leo hapana, usibishane naye wala usitafute mwingine atakayekubali.

Maswali ya kuuliza kwenye simu

Swali la kwanza: nyumba iko upande gani wa mto? Mji wenyewe uko kaskazini. Bweni na Ushongo ziko kusini, na kivuko hakifanyi kazi usiku kucha. Wageni wengi kutoka Arusha hukwama hapa: basi limechelewa, giza limeingia, chumba kimelipiwa ng'ambo. Kama huna uhakika wa kufika kabla ya magharibi, lala usiku wa kwanza mjini.

Uliza bei ni ya chumba au ya mtu, na kama kuna bei ya mwananchi. Uliza choo na bafu viko ndani, kile chumba tunachoita self, au ni vya pamoja uani. Uliza umeme ukikatika feni inaendelea kwa sola au jenereta, kwa sababu chumba kisicho na upepo mwezi wa Januari hakilaliki. Uliza pia maji ya kuoga yanatoka wapi. Visima vya karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi: sabuni haitoi povu na nywele hukakamaa. Maji hayo yanafaa kuogea, ila beba au nunua ya chupa kwa kunywa na kupigia mswaki.

Ukitakiwa kutanguliza malipo kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri. Liwe la mwenyeji au la nyumba uliyotajiwa. Likiwa la mtu mwingine kabisa, simama, piga tena, uliza. Fedha taslimu toa Tanga, usisubiri kufika kijijini.

Kushuka

Kutoka Arusha hadi Tanga ni kilomita zipatazo 430, kutoka Moshi zipatazo 350, kupitia Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Panda basi la alfajiri. Tanga mjini utachukua gari dogo kwenda Pangani, takriban kilomita 50. Mwenye gari lake anaweza kukatia Muheza, ambako pia machungwa ni mazuri na rahisi, lakini njia hiyo wakati wa mvua iulizie kwanza.

Chumbani

Ukifika, piga hodi na subiri ukaribishwe. Salimia kwa ukamilifu: shikamoo kwa mkubwa, habari za hapa, habari za nyumbani, kisha ndipo mizigo. Haraka yetu ya "mambo, chumba kiko wapi?" Pwani husikika kama ukali. Andaa kitambulisho, kwani utaandikwa kwenye kitabu cha wageni.

Kabla ya kufungua begi, kagua vitu vinne. Shusha chandarua na ukitazame dhidi ya mwanga. Tundu la ukubwa wa kidole linatosha kuingiza mbu wa usiku mzima, na fundo la uzi hulifunga. Washa feni. Jaribu kitasa na kufuli, maana hewa ya chumvi hula chuma na funguo hukwama saa mbaya. Mwisho angalia juu: paa la makuti lenye vitobo vya mwanga litavuja mvua ikija, kwa hiyo sogeza kitanda au omba chumba kingine mapema. Chini ya makuti usiwashe mshumaa wala dawa ya mbu ya kuchoma. Makuti makavu hushika moto haraka kuliko unavyoweza kukimbilia ndoo.

Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake nene huchelewa kupata joto, ndiyo maana chumba cha chini cha nyumba kuukuu hupoa kuliko banda jipya la bati. Lakini chokaa humeguka. Usipigilie msumari wa kuanikia nguo, na usiegemee ukuta ukiwa na shati jeusi.

Chai ya asubuhi

Hapa ndipo Pwani hutoa bora yake, na ndipo wengi hukosa kwa kutosema. Vitumbua vya kweli huanza jana: mchele hulowekwa, husagwa na tui la nazi na hiliki, hutiwa hamira na kuachwa uumuke. Mbaazi za nazi nazo zinahitaji kulowekwa na kuchemshwa muda mrefu. Ukiagiza saa 1 asubuhi, mwenyeji hana namna ila kutuma mtoto dukani. Kwa hiyo, jioni kabla ya saa 12, mwambie: "Bi, kesho tungependa vitumbua na mbaazi, tutakula saa 2." Taja idadi ya watu, nani hali pilipili, na kama unataka chai ya rangi au ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe ni machache kuliko ulivyozoea Machame, na chai ya rangi yenye tangawizi ndiyo chaguo letu. Samaki wa kukaanga asubuhi hutegemea wavuvi. Acha nafasi ya kuambiwa leo hayupo. Usiulizie mtori.

Mwezi wa Ramadhani, uliza utaratibu wa chakula cha mchana na ule ndani. Pombe usilete bila kuuliza.

Nje ya nyumba

Tembea mjini asubuhi au baada ya alasiri, ukiwa na mtembezaji wa hapo. Tazama milango ya nakshi, Boma na majengo ya kale kando ya mto. Mji huu ndio chimbuko la vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapa Desemba 1889. Mtu anayeyajua hayo hapiti haraka.

Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Ukipanda mjini jifunge kanga au kikoi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu waliokaa barazani. Mtoni usiogelee kabisa: mkondo wa mlangoni una nguvu, na juu kuna mamba. Baharini vaa viatu vya plastiki, kwa sababu maji yakipwa utakanyaga wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukikatikia mguuni huuma siku nyingi. Kwa Maziwe, ambayo ni hifadhi ya bahari, uliza kama kiingilio kimo ndani ya bei ya boti, na usiondoke ufukweni bila jaketi la kuokolea la kila mtu, mtoto kwa saizi yake.

Ukirudi nyumbani, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ipimwe malaria siku hiyohiyo. Mwambie daktari kwamba ulilala Pwani, maana baridi ya kwetu humfanya mtu adhani ni mafua tu.