Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Oili ya Gia na Haidroliki Kwenye Massey Ferguson 135

Trekta ya Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, ingali inalima katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki, na aghalabu mwenye nayo leo ameinunua baada ya kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kabla hajashika spana, anapaswa kuelewa kwamba giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na pampu ya haidroliki inayonyanyua jembe vyote vinatumia oili moja iliyomo ndani ya mwili wa trekta, ilhali injini na boksi la usukani vina oili zao.

Kwa sababu hiyo, kuchagua oili ndiyo kazi kubwa kuliko kuimwaga. Oili nzito ya gia inayafaa meno ya gia, lakini pampu huivuta kwa shida, hasa asubuhi za baridi katika nyanda za juu, na mikono ya kunyanyulia jembe hupanda polepole huku pampu ikilia. Isitoshe, baadhi ya oili za gia za daraja la GL-5 zina viungo vya kemikali vinavyoweza kula sehemu za shaba. Kinachofaa ni oili ya trekta iliyotengenezwa kwa gia na haidroliki kwa pamoja, ambayo mara nyingi dumu lake huandikwa UTTO, na unene wake ulinganishwe na kitabu cha trekta. Ujazo unakaribia lita 30, hivyo ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Zinunuliwe zote siku moja, za aina moja, na dukani ambako muuzaji anakubali lakiri ya mfuniko wa dumu ikaguliwe. Oili bandia ni nyingi mno sokoni, na bei ya chini isiyoelezeka ni sababu tosha ya kuondoka.

Pili, oili iliyomo ichunguzwe, kwa maana inaeleza hali ya trekta kuliko maneno ya aliyeiuza. Ikiwa imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi njia yao ni mpira uliochanika chini ya mti wa gia, kwa trekta inayolala nje mvua ikinyesha. Mpira huo ununuliwe kabla ya oili, la sivyo fedha zitapotea masika yajayo. Trekta iliyotulia usiku kucha huruhusu maji kushuka chini. Nati ya kumwagia ikilegezwa kidogo tu asubuhi, maji yaliyojitenga hutangulia kutoka na kiasi chake huonekana. Maji yakiwa mengi, itengwe bajeti ya oili ya kusuuzia, itakayozungushwa kwa muda mfupi bila mzigo kisha imwagwe, kwa kuwa oili chafu hubaki kwenye pembe za mwili na katika mirija ya ekseli.

Sili za ekseli, yaani pete zinazozuia oili isitoke, nazo zikaguliwe mapema. Breki za trekta hii ni za ngoma na ni kavu. Upande mmoja ukishindwa kushika, na michirizi ya oili ikaonekana upande wa ndani wa gurudumu, sili imekwisha na oili mpya itapitia hapo hapo. Katika hali hiyo, afadhali fundi aitwe kwanza.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: spana zinazokaa sawasawa kwenye nati, washa mpya za nati za kumwagia, gasketi ya kifuniko cha pembeni iwapo chujio la pampu litafikiwa, matambara yasiyotoa nyuzi, faneli safi, na vyombo vinavyotosha lita zote 30. Karai moja la jikoni litafurika kabla mtu hajaipata nati iliyotumbukia ndani yake. Madumu ya kuhifadhia oili chakavu yawe tayari pia; wengi huipaka nguzo dhidi ya mchwa, lakini isimwagwe ardhini, na karibu na kisima isifike kabisa.

Siku ya kazi, trekta iegeshwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe vizuizi. Itembezwe kwanza hadi oili ipate vuguvugu, ili uchafu utoke pamoja nayo. Mikono ya nyuma ishushwe hadi chini, na trela lenye jeki ya haidroliki lishushwe vilevile, kwa kuwa oili iliyobaki kwenye silinda haitatoka na huharibu kipimo cha kujazia. Injini izimwe kabla mtu hajaingia chini, na bomba la mpira la haidroliki linalovuja kwa shinikizo lisipapaswe kwa mkono kamwe: uzi mwembamba wa oili huweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali hata kama halitoi damu.

Nati ya kujazia iliyo juu ifunguliwe kabla ya nati yoyote ya chini. Ikiwa imeshika kutu na imegoma, ni heri kulijua hilo trekta ikiwa bado na oili yake, na inaweza kuendeshwa hadi gereji.