Unataka kutengeneza roboti? Zingatia haya kabla ya kuomba chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa hapa Mtwara huanza kutafuta shahada yenye neno roboti kwenye jina. Wakiikosa, wanakata tamaa. Mdogo wangu, acha kutafuta jina, tazama kinachofundishwa ndani.

Chukua korosho. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi ya mbanguaji. Tuseme unataka mashine ifanye kazi hiyo. Ukijikuta unawaza kisu kikate kwa nguvu kiasi gani bila kuvunja kiini, wewe ni wa uhandisi wa mitambo. Ukiwaza sensa ya kupima ukubwa wa kila korosho na kuiamuru mota isimame, nenda umeme na elektroniki. Ukiwaza kamera itakayotenga kiini cheupe na kilichoungua, mahali pako ni kompyuta. Mekatroniki huchanganya yote matatu, lakini si kila chuo kinayo, na usipoipata hujapoteza kitu: mashine ile ile inawahitaji wote.

Hapo kwenye kompyuta uwe makini. Sayansi ya kompyuta kwa kawaida ni miaka 3, uhandisi ni 4, na tofauti si mwaka mmoja tu. Kutambuliwa kisheria kama mhandisi hupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayodai shahada ya uhandisi na mazoezi ya kazi baada ya chuo. Amua mapema kama unalitaka jina hilo.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, omba orodha ya masomo ya miaka yote. Mimi ningetafuta udhibiti wa mifumo, elektroniki na uandishi wa programu. Kisha muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: karakana mnaingia mara ngapi kwa wiki? Jibu lake lina uzito kuliko picha za tovuti.

Hesabu hazikwepeki. Mkono wa roboti hufika unapotakiwa kwa vekta na matrisi, na hutulia bila kutetemeka kwa kalkulasi. Uliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) una njia pana. Wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), soma sifa za kila kozi neno kwa neno kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Stashahada usiidharau hata kidogo. Aliyetoka kidato cha nne, tuseme sekondari ya Mtwara Ufundi, anaweza kusoma miaka 3 DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kisha akaunganisha shahada. Atafika huko mkono umeshazoea kulehemu, na hilo darasani halifundishwi kwa wiki mbili.

Kuhusu kazi nitakuambia ukweli: tangazo la "mhandisi wa roboti" huku kusini utalisubiri sana. Lakini kiwanda cha saruji na mtambo wa gesi wa Madimba huendeshwa kwa sensa, vali na mota zinazojidhibiti. Ujuzi ni ule ule, ndiyo maana asiye na uhakika namshauri aanze na umeme.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili, Bodi ya Mikopo itakidai. Na miezi hii ya kusubiri, nenda kakae na fundi redio wa mtaani kwenu. Mwombe akufundishe kushika maltimita, kifaa cha kupimia umeme, na kusoma saketi, kisha ufungue feni mbovu ya nyumbani uone mota yake imesukwaje.