Mvua Isiukute Udongo Uchi: Ushauri kwa Wakulima wa Bara ya Malindi
Mkulima wa Langobaya au Marafa akiulizwa kwa nini shamba lake halizai kama zamani, jibu la kwanza huwa ni mvua. Jibu hilo si la uongo, kwani kadiri unavyoiacha pwani ndivyo mvua inavyopungua. Hata hivyo, ukame husingiziwa mengi yaliyosababishwa na udongo kuachwa uchi.

Baada ya mvua ya kwanza ya masika, chimba kidogo mahali pasipo na mmea wala mabua. Aghalabu utakuta juu utando mgumu kama ukoko wa wali, na vidole viwili chini yake, vumbi kavu. Matone yanapoupiga udongo mtupu huvunja chembe zake, na zile laini huziba vitundu vya kupitishia maji, hivyo mvua iliyostahili kuzama hutiririka bondeni na kuondoka na udongo wa juu wenye rutuba. Sehemu yake huingia Mto Sabaki, ambao tayari hubeba tope la kutoka nyanda za juu za Athi, na ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka kahawia wakati wa mvua.

Ukataji wa miti ya mkaa na malisho kupita kiasi huchangia sana. Mbuzi hulaumiwa, ilhali kosa ni kumzuia mahali pamoja, hasa kandokando ya silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, hadi nyasi zikose muda wa kuchipua. Lakini lisilo na udhuru kabisa ni kuchoma mabua baada ya mavuno: mchoma mkaa walau hupata karo ya mtoto, ilhali anayechoma mabua hupata majivu tu, nayo hupeperushwa na upepo.

Basi yaacheni mabua yalale kukingama mteremko, pandeni kunde katikati ya mahindi ili zitandae haraka, na chimbeni makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasitiririke, kabla ya masika. Mistari yake ipimwe usawa kwa miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa uzi kutoka kileleni. Uzi ukigusa alama ya katikati ya mti wa kukingama, miguu miwili iko usawa mmoja. Anzeni juu ya shamba, kwa sababu kinga la chini likipokea peke yake maji ya mteremko mzima hupasuka kwa mvua moja.