Dekio la kujikamua: bomba la pazia, fulana kuukuu na spoku ya baiskeli

Kupiga deki hakuchoshi. Kunakochosha ni kukamua. Tambara likikamuliwa vibaya linaacha michirizi kwenye vigae, na mikono inashinda kwenye maji ya jiki. Thomas W. Stewart wa Michigan, Marekani, alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1893 kwa dekio lenye kibano cha kushika tambara. Joy Mangano naye alileta Miracle Mop mwaka 1990, ambalo husokotwa bila mikono kugusa maji. La hapa linafuata kanuni hiyo ya kusokota, isipokuwa kizuizi chake, kile kidude kinachochomoza kwenye mpini, kimeazimwa kwenye mwavuli.

Vifaa

Bomba la pazia la chuma la mm 25, urefu wa sm 130. Bomba la plastiki la mm 32, sm 40: liingize kwenye bomba la pazia ukiwa bado dukani, maana unene wa plastiki hutofautiana. Lishuke lenyewe ukilisimamisha, lakini lisichezecheze zaidi ya mm 3. Klipu mbili za mpira wa maji, zinazofunguka hadi mm 50. Spoku moja ya mm 2, kipande cha tyubu ya baiskeli, mshipi wa kuvulia, kofia ya mpira ya mguu wa kiti, na fulana mbili kubwa za pamba.

Mti wa fagio haufai. Ukilowa unavimba, na bomba la nje (la plastiki) linakwama.

Hatua ya 1: Vitambaa

Kata vipande 40, kila kimoja sm 60 kwa sm 3. Fulana iwe ya pamba tupu. Nyingi zinazogawiwa wakati wa kampeni ni poliesta, ambayo husukuma maji badala ya kuyanywa. Choma uzi mmoja: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usitumie khanga, inachanika nyuzi. Kitambaa cha fulana hujikunja kingo na hakifumuki.

Hatua ya 2: Kizuizi

Hapa usiharakishe. Bomba la nje likiwa chini, vitambaa vinatanda sakafuni. Likiwa juu, vinanyooka tayari kwa kusokotwa. Bila kizuizi litapanda kila unapolikandamiza dekio.

Pima kutoka ncha ya chini ya bomba la pazia. Kati ya sm 55 na 59 toboa matundu ya mm 4 yaliyopangana, kisha yaunganishe kwa tupa uwe na mwanya mmoja. Mwanya ukae ubavuni, usiangalie mbele wala nyuma yako, kwa sababu bomba hupinda kuelekea mbele na nyuma, na likipindia kwenye mwanya litavunjika hapo. Kwenye sm 62 toboa tundu dogo la kupenya pande zote mbili, kushoto na kulia kwa mwanya.

Kata sm 15 za spoku. Ikunje kwa kuizungushia msumari mnene ipate umbo la V, mguu mmoja wa sm 7 ulionyooka. Mguu wa pili, ukifika sm 6.5, upinde kuelekea ndani. Kuna mambo matatu ya kuangalia:

Usiipashe spoku moto ili ipinde kirahisi. Uspringi wake umetokana na kuvutwa ikiwa baridi. Moto unaulainisha na kizuizi hakitarudi tena. Tumia jiliwa na plaizi.

Pembe ya kile kipinde cha chini iwe nyuzi 90, au pungufu kidogo. Ikizidi, bomba la nje litapanda juu yake na kukitumbukiza ndani. Dekio likiachia katikati ya kazi, kagua pembe hii kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kizuizi kitokeze mm 6. Mm 3 zinaonekana kutosha, lakini bomba la nje huegemea upande na nafasi yote ya mm 3 inahamia penye kizuizi. Ongeza unene wa plastiki, kama mm 2, utaona hesabu inavyokwenda.

Ibane V, isukume kwa fimbo kutoka chini hadi mguu uchomoze kwenye mwanya, mteremko ukiwa juu na kipinde chini. Pitisha msumari mwembamba kwenye tundu la sm 62 katikati ya kunjo, ukate, ugonge ncha zijaze tundu, kisha pitisha tupa mpaka kidole kisisikie kitu. Paka rangi popote ulipokata chuma, la sivyo kutu itahamia kwenye vigae.

Hatua ya 3: Kufunga

Vaa kofia ya mpira kwenye ncha ya chini. Klipu peke yake huteleza dekio linaposokotwa, kwa hiyo piga msasa mahali pa klipu, viringisha tyubu hapo, toboa matundu manne kuzunguka bomba na ushone vitambaa kwa mshipi ndipo ukaze klipu. Upande wa chini, vitambaa vielekee chini kupita ncha, kisha vipindue juu vifunike klipu. Chuma kisiguse sakafu. Ncha za juu zifunge kwenye ukingo wa chini wa bomba la plastiki kwa njia ileile, na klipu uifunike kwa tyubu. Mshipi usijitokeze ndani ya plastiki.

Kulitumia

Bonyeza kizuizi, vuta bomba la nje juu mpaka vitambaa vikaze, ndipo uzungushe mara mbili au tatu juu ya ndoo. Ukizungusha kabla ya kuvuta, vinajikunja donge na maji yanabaki katikati. Bomba litashuka kidogo lenyewe. Ni kawaida, vitambaa vikisokotwa vinapungua urefu. Fungua, sukuma chini hadi usikie mlio.

Ukitumia jiki, suuza kwa maji matupu na ulianike vitambaa vikiwa juu. Jiki hula chuma, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini.

Ukitaka kuuza, tafuta kwanza kwenye Google Patents, tovuti ya kutafutia hataza. Kusokota ni jambo la zamani. Kinachoweza kuhesabiwa kipya ni kizuizi tu, na hata hicho kiulizie kwa wasajili wa hataza, yaani BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, kabla hujakitangaza mtandaoni.